Mtutu wa 1861 bila mikromita: walijuaje kwamba unafaa?

Kereza_Kijana aliandika:

Wakuu, heshima kwenu. Nasoma ufundi wa mashine, na kwenye somo la vipimo nimepewa kuandaa maelezo juu ya ukaguzi wa mitutu ya bunduki katika viwanda vya zamani. Nimechagua Springfield ya 1861, ile ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kwa sababu vipimo vyake vinajulikana vizuri. Mtutu una urefu wa inchi 40, tundu lina kipenyo cha inchi 0.58, ndani mna mifereji mitatu inayomaliza mzunguko mmoja kila inchi 72. Risasi yake, ile ya Minié yenye tako lililo wazi, ni inchi 0.5775. Maana yake tofauti kati ya kipenyo cha risasi na kipenyo cha tundu ni inchi 0.0025.

Hapo ndipo nimekwama. Jean Laurent Palmer alipata hataza ya mikromita, kifaa cha mkononi cha kupima sehemu ndogo sana za inchi, huko Ufaransa mwaka 1848, lakini huko Marekani mikromita ilianza kuuzwa na kampuni ya Brown & Sharpe mwaka 1868, baada ya wenyewe kuiona kwenye maonyesho ya Paris ya 1867. Vita vilikuwa vimekwisha 1865! Na kiwanda cha Springfield, Massachusetts, kilitoa bunduki zaidi ya 250,000 ndani ya mwaka 1864 peke yake. Nani alikuwa anapima hizo sehemu za elfu za inchi, na kwa kifaa gani?

La pili: tundu linaweza kuwa na kipenyo sahihi na bado likapinda. Kwenye karakana yetu ningefunga kazi kwenye mashine ya kukereza, niweke daiali (saa ya kipimo yenye mshale), nizungushe, nione. Wao walionaje?

La tatu ni dogo. Nimeona picha ya mtutu wa Enfield ya 1853, bunduki ya Uingereza, una namba 25 pembeni ya mihuri yenye taji. Vitabu vinasema tundu lake ni inchi 0.577. Hiyo 25 ni ya nini?

Mkaguzi_Mstaafu alijibu:

Kijana, umeanza na dhana kwamba mkaguzi wa Springfield alitaka namba. Hakuitaka. Alitaka jibu la ndiyo au hapana, na kwa jibu hilo mikromita ni mzigo.

Nimemaliza miaka yangu ya kazi nikikagua silinda za pampu. Bunduki sijawahi kutengeneza wala sina hamu, ila tundu refu ni tundu refu, na yale waliyohangaika nayo wale mabwana nayajua kwa vidole vyangu. Kwa hiyo nisikilize.

Mkaguzi alikuwa na plagi mbili, yaani vipande vya mviringo vya kuingiza tunduni, za chuma cha pua, zimetiwa ugumu kwa moto kisha zikasagwa na kung'arishwa. Moja ni ya kiwango, ya pili ni ya ukomo, nene kuliko mwenzake kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Ya kiwango lazima ipite tundu lote, tako la mtutu mpaka mdomo. Ya ukomo lazima ikatae kuingia. Yakitimia hayo mawili, tundu liko ndani ya mipaka, na kujua liko wapi hasa ndani ya hiyo mipaka hakumsaidii mtu yeyote. Lete mtutu mwingine. Ndivyo unavyofikisha robo milioni kwa mwaka.

Sasa utauliza: na hizo plagi je, nani alizipima? Hapo ndipo penye utamu wa hadithi yenyewe, na watu wengi hupapita mbio. Zile sehemu za elfu hazikuwa mkononi mwa mkaguzi, zilikuwa ndani ya chuma alichoshika, na chuma kile kilitengenezwa na mafundi wachache mno, kwa kulinganishwa na geji kuu (kipimo cha mfano) iliyofungiwa. Mtu wa kumsoma ni John Hall, aliyekuwa Harpers Ferry, Virginia. Kwa bunduki yake ya 1819 alitumia geji 63, tena alitaka ziwe seti tatu: moja ya wafanyakazi, moja ya wakaguzi, na moja ya kukagulia hizo nyingine. Seti ya tatu haikuguswa na kazi ya kila siku. Mwishoni mwa 1826 serikali ikapeleka tume kukagua mitambo yake. Wakafungua bunduki 100, wakachanganya vipande, wakaviunga upya kwenye vitako vipya vya mbao, vikakaa. Miaka michache baadaye Simeon North, aliyekuwa na kiwanda chake Middletown, Connecticut, alikuwa anatengeneza bunduki hiyo hiyo kwa vipande vinavyoingiliana na vya Hall. Ukipima umbali kati ya viwanda viwili hivyo utaelewa kwa nini nasema geji ndiyo iliyosafiri.

Kitu ambacho darasani hawawaambii: geji inalika. Kila ikipita kwenye chuma inaacha kidogo. Na plagi mbili hazidanganyi kwa namna moja. Plagi ya kiwango ikilika inakuwa nyembamba, kwa hiyo inapita hata kwenye tundu lililobana kuliko ruhusa. Mtutu mbaya unakubaliwa, na anayekuja kujua ni askari, risasi inapomkwamia katikati ya mtutu. Plagi ya ukomo ikilika nayo inakuwa nyembamba, lakini matokeo ni kinyume: inaanza kuingia kwenye matundu yaliyo sawa, na mitutu mizuri inatupwa. Uchakavu wa ya kwanza anaulipa mtumiaji, uchakavu wa ya pili anaulipa mwenye kiwanda. Bahati mwenye kiwanda huwa anagundua haraka sana hasara iliyo upande wake.

Halafu kuna mkono wenyewe. Plagi inapaswa kushuka kwa uzito wake au kwa kusukumwa kwa vidole viwili. Kwenye kazi yangu ya kwanza msimamizi alikuwa akiona plagi ya kiwango imegoma mwisho wa mwezi, anaigonga kwa kiganja. "Imepita!" Imepita nini? Wala usihangaike sana na joto la mkono, kwa sababu chuma cha inchi 0.58 kikiongezeka joto nyuzi 20 za Selsiasi kinakua kama inchi 0.00013 tu. Kiganja ndicho adui.

Kunyooka nitakujibu jioni. Hilo linahitaji dirisha.

Baruti_Kavu alijibu:

Mzee unawapamba hawa watu. Mimi nijuavyo mtutu ulijazwa baruti kupita kawaida, ukafungwa, ukafyatuliwa mtu akiwa mbali. Usipopasuka unagongwa muhuri, kazi imekwisha. Hayo ya plagi mbili ni ya makaratasi.

Mkaguzi_Mstaafu alijibu:

@Baruti_Kavu, nusu ya kwanza umesema kweli. Jaribio la baruti lilikuwepo, tena ni la zamani kuliko plagi. Chama cha watengeneza bunduki cha London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1637, na Birmingham walipata nyumba yao ya majaribio kwa sheria ya bunge ya 1813. Springfield nao walikuwa na chumba chao.

Lakini jiulize jaribio hilo linatafuta nini. Mtutu wa wakati ule haukutobolewa kwenye nondo. Ilichukuliwa bamba ya chuma cha kufua, ikakunjwa ikawa bomba, kingo zikaunganishwa kwa moto na nyundo za mashine, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850 Springfield wakaunganisha kwa kubana kati ya roli za mashine. Mshono ule unatoka mwanzo mpaka mwisho wa mtutu, na ndani yake panaweza kubaki taka au mahali ambapo chuma hakikushikana. Baruti inatafuta mshono. Haitafuti kupinda, haitafuti kipenyo. Mtutu uliopinda kama upinde utafaulu jaribio la baruti bila wasiwasi wowote.

Na hata baruti peke yake haikuaminiwa. Baada ya kufyatuliwa mitutu iliachwa na uchafu wake mpaka kesho yake. Masalia ya baruti yana chumvi, na chumvi inavuta unyevu, kwa hiyo penye ufa mwembamba usioonekana kwa macho, kutu inajitokeza nje. Huo ni ukaguzi mzuri kweli, na hauna gharama. Siku hizi tunanunua dawa ya rangi nyekundu kwenye makopo kufanya kazi ile ile.

Kisha plagi ya ukomo inarudi. Mtutu unaweza usipasuke ila ukafutuka mahali pamoja. Ndiyo maana kwenye mtutu wa Springfield unakuta herufi V na P pamoja na kichwa cha tai. V ni kwamba umekaguliwa, P ni kwamba umejaribiwa. Kama moja ingetosha wasingegonga mbili. Kipande kilichokataliwa kiligongwa C, kisije kikarudi kimyakimya kwenye sanduku la vilivyo salama. Hiyo C naipenda kuliko mihuri yote.

Mkaguzi_Mstaafu aliongeza:

Sasa kunyooka.

Njia ya zamani ilikuwa uzi. Unavuta uzi mwembamba au waya kwa upinde mdogo, unaupitisha ndani ya mtutu, unaulaza ukutani. Mtutu ukiwa umenyooka uzi unagusa ukuta kuanzia mwanzo hadi mwisho. Penye shimo utaona mwanga chini ya uzi. Unazungusha, unaangalia tena. Inafanya kazi, lakini ni polepole, na waya wenyewe unalegea.

Katikati ya karne ya 19 Springfield walikuwa wanatumia kivuli. Mtutu umeshatobolewa na ndani unang'aa. Fundi anaulekeza kwenye dirisha lenye mstari ulionyooka, mfano ukingo wa fremu, au mstari uliochorwa kwenye kioo. Akichungulia kwa pembe ndogo, ule mstari unajiakisi ukutani mwa tundu na kuonekana kama ukanda mweusi unaokwenda ndani. Tundu likiwa limenyooka, ukingo wa kivuli umenyooka. Likiwa limepinda, kivuli kinapinda mahali pale pale. Anaweka kidole chake nje ya mtutu sawa na pale, analaza mtutu kwenye fuawe, anagonga kwa nyundo, anachungulia tena. Anazungusha robo, anarudia.

Uzuri wake ni kwamba mwanga unapita karibu sambamba na ukuta, kwa hiyo kasoro ndogo sana ya ukuta inakuwa kasoro kubwa ya kivuli. Hakuna mshale wala namba, na bado kifaa kina ukali kuliko daiali nyingi nilizowahi kukabidhiwa. Gharama yake ni macho ya mtu. Mnyooshaji mzuri alikuwa fundi wa kuheshimiwa, maana kuona kosa na kujua ugonge wapi na kwa nguvu kiasi gani ni mambo mawili, na la pili halifundishiki kwa maneno.

Tena hawakunyoosha mara moja. Kila hatua inayokwangua chuma inalegeza mikazo iliyomo ndani, na mtutu unahama. Ukiutoboa unahama, ukiukereza nje unahama. Kwa hiyo ulirudi kwa mnyooshaji tena na tena kabla ya kumalizika.

Jambo ambalo hukuliuliza lakini mwalimu wako atauliza: kunyooka ni tofauti na kuwa katikati. Tundu linaweza kunyooka kabisa huku ukuta mmoja ni mnene na mwingine mwembamba. Dawa ni kukereza nje kwa kushika mtutu kwenye tundu lenyewe, ili nje kufuate ndani. Hall alilielewa hili mapema: vipimo vyote vya kipande vianzie mahali pamoja. Ukihamisha mwanzo kila ukibadilisha mashine, makosa yanajumlishana.

Na uangalie urefu wa plagi. Plagi fupi inateleza ndani ya mtutu uliopinda bila kulalamika, kila sehemu ya tundu ni duara sahihi kivyake. Ndefu ndiyo inayogoma. Mwaka 1905 William Taylor wa Leicester aliiandika kanuni hii rasmi, kwamba geji ya kukubali ikague umbo zima kwa pamoja na geji ya kukataa ikague kipimo kimoja kimoja.

Tundu_Nyembamba alijibu:

Nimefurahia sana huu uzi. Nachangia upande wa anayepima leo mtutu wa zamani, maana kijana akitaka picha za maelezo yake atakutana na watu wanaotumia njia ya risasi laini. Unachukua kipande cha madini ya risasi, unakisukuma polepole ndani ya tundu lililopakwa mafuta, kinatoka kimebeba umbo la ndani, unakipima kwa mikromita.

Kwa mtutu huu wa 1861 njia hiyo ina mitego miwili. Wa kwanza ni mifereji mitatu. Idadi ikiwa witiri, mkabala na mfereji kuna tuta (sehemu iliyoinuka kati ya mifereji), kwa hiyo mikromita ya kawaida haiwezi kamwe kukamata mfereji kwa mfereji. Unasoma namba, unaridhika, na namba yenyewe si kipenyo cha kitu chochote. Inatakiwa mikromita yenye kitako cha V, ya nyuzi 60 kwa mifereji mitatu. Kwa mitano, kama bunduki ya Lee-Enfield, ni nyuzi 108.

Wa pili ni mbaya zaidi. Mifereji ya Springfield hii haina kina kimoja. Takoni ni inchi 0.015, inapungua taratibu hadi 0.005 mdomoni. Ukisukuma risasi laini kutoka tako kwenda mdomo, inatoka na umbo la mdomo tu, yale ya takoni yamefutwa njiani. Kwa takoni lazima kumimina kitu kinachogandia pale pale. Mafundi wa zamani walimimina salfa iliyoyeyushwa.

Kereza_Kijana aliandika:

Shikamoo mzee, na asante @Tundu_Nyembamba. Hilo la kina kupungua nilikuwa nalo kwenye daftari na sikuona lina uhusiano wowote na upimaji.

Kwa hiyo hapakuwepo kabisa kifaa cha kusoma namba ndani ya tundu, katikati ya mtutu? Na ile 25?

Mkaguzi_Mstaafu alijibu:

Marahaba. Kilikuwepo, kinaitwa geji ya nyota. Ni fimbo ndefu ambayo kichwani ina ncha ndogo za kutoka pembeni. Unaiingiza mpaka kina unachotaka, unasukuma kabari iliyo ndani, ncha zinatoka mpaka ziguse ukuta, unasoma upande wa nje. Ilianza na mizinga, kwa sababu mzinga ni mmoja, una thamani, na una nafasi. Kwenye bunduki za mkononi ilikuja kupata jina baadaye sana, hapo hapo Springfield. Mitutu ya bunduki ya 1903 iliyochaguliwa kwa mashindano ya kulenga shabaha ilipimwa hivyo, inchi baada ya inchi, matuta na mifereji, hadi sehemu ya elfu kumi ya inchi, kisha ikagongwa alama ya nyota ndogo kwenye mdomo. Angalia tofauti ya kazi: pale walikuwa wanachagua walio bora, siyo kukataa wabovu. Kwa kuchagua bora unahitaji namba. Mwaka 1864 hakuna aliyekuwa anachagua bora.

Kuhusu usahihi wa kupindukia, wakati huo huo Uingereza Joseph Whitworth alikuwa na mashine ya kupima sehemu ya milioni ya inchi, aliionyesha London 1851. Akatengeneza bunduki yenye tundu la pembe sita, inchi 0.451, na kwenye majaribio ya Hythe ya 1857 iliiacha Enfield mbali. Jeshi halikuichukua kuwa silaha ya kawaida. Ilikuwa ghali, na tundu dogo lile lilichafuka haraka. Mkaguzi mwenye akili haulizi tu kipimo kinaweza kufika wapi.

Sasa 25 yako. Kwa Birmingham ukubwa wa tundu ulitajwa kwa idadi ya risasi za duara zinazopatikana kwenye ratili moja ya madini ya risasi. Gawa ratili kwa risasi 25, kila moja inakuwa na kipenyo cha inchi 0.571. Gawa kwa 24 unapata 0.579. Weka tundu la 0.577 katikati yao: plagi ya 25 inaingia, plagi ya 24 inagoma. Unagonga 25. Kwa hiyo namba hiyo haikuambii kipenyo cha mtutu, inakuambia plagi kubwa kuliko zote iliyokubali kuingia. Wakati mwingine utakuta mtutu wa aina hiyo hiyo una 24. Usidhani ni bunduki nyingine, huo umetobolewa kidogo tu zaidi ya mwenzake, ukavuka mpaka.

Na usiitafute kwenye kila Enfield. Ile iliyotoka kiwanda cha serikali cha Enfield ina mihuri ya serikali. Ya 25 utaikuta kwenye zile za wafanyabiashara wa Birmingham zilizopita nyumba yao ya majaribio, nyingi zikauzwa kwa pande zote mbili za vita vya Marekani.

Baruti_Kavu alijibu:

Sawa mzee, nimekubali C yako. Lakini kijana atawaonyeshaje wenzake? Hawezi kuingia darasani na gobore.

Mkaguzi_Mstaafu alijibu:

Gobore la nini. Achukue bomba la chuma la silinda ya haidroliki, lile lililong'arishwa ndani, refu kadiri atakavyopata. Akereze plagi mbili, moja ipite na moja igome, na ya kupita akereze mbili, fupi na ndefu. Kisha alipinde bomba kidogo kwenye presi, ajaribu zote. Fupi itapita. Ndefu itagoma.

Kwa kivuli, avute uzi mweusi dirishani, asimame mbali hatua kadhaa, achungulie akiwa ameinamisha bomba kidogo tu mpaka mstari utokee ukutani. Mara ya kwanza ataona duara za mwanga na hataelewa kitu, aendelee kuzungusha. Asichungulie akielekeza jua.

Plagi aziandike majina kabla ya kuziweka mezani, maana zikichanganyika pale mbele ya watu hatazijua kwa macho.